Geuzeni Flashi Juu: Watoto Wetu Si Dagaa wa Kuvuliwa kwa Taa



Leo hatukuja na mitindo ya mikono wala bei za lesi. Leo tuna ugomvi. Ugomvi wetu ni na wapiga picha wa maharusini, na kidogo na nyinyi mnaowalipa. Tumechoka kuona watoto wetu wanapigwa flashi ya uso kama dagaa wanaomulikwa taa usiku baharini. Tunalisema bila kuzunguka: ndani ya nyumba au ndani ya ukumbi, mpiga picha anayemwelekezea mtoto flashi moja kwa moja machoni, na dari nyeupe iko juu ya kichwa chake, ama ni mvivu ama hajui kazi. Uvivu na kutojua, vyote viwili si vitu vya kulipiwa pesa.

Flashi tunayoisema ni ile taa inayopachikwa juu ya kamera, yenye kichwa kinachonyanyuka na kuzunguka. Kichwa kile hakikutengenezwa kizunguke kwa mapambo. Kinazunguka ili mwanga upelekwe kwanza kwenye dari au kwenye ukuta, ugonge pale, utawanyike, ndipo umshukie mtu. Mwenye flashi ya namna hiyo kisha akaiacha imetazama mbele usiku kucha ni sawa na mtu aliyenunua cherehani ya nakshi akaishia kupindia mapindo tu.

Tunayoyaona kila wiki

Sisi tunaoshona nguo za watoto wa kusindikiza bi harusi tunarudishiwa picha. Mama mtu anatuletea simu, "Hebu tazameni ile kazi yenu." Tunatazama, na roho inatuuma.

Watoto wanne wamepangwa mstari, magauni yamelingana, maua mkononi. Ni saa tatu ya usiku, mchana hawakulala, wamekaa kutwa wanasukwa na kupambwa. Mpiga picha anasimama hatua mbili mbele yao. Paa! Wa kwanza amefumba macho. Wa pili amegeuza uso. "Tena, tena, tazama huku!" Paa! Wa tatu anaanza kulia. Shangazi anamfuta machozi kwa pembe ya mtandio, wanja unasambaa mpaka shavuni. Paa tena! Mwisho wa yote picha inayochaguliwa ni ile ambayo watoto wamekaza nyuso kama wanaosubiri sindano, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye albamu.

Sasa itazameni hiyo picha yenyewe. Uso bapa kama sahani, pua haionekani ilipoanzia. Paji la uso linang'aa kama limepakwa samli. Nyuma ya kila kichwa kuna kivuli cheusi kimebandikwa ukutani, utadhani kila mtoto amekuja na mwenzake wa pili. Na macho mekundu.

Macho mekundu si shetani wala si maradhi. Mahali penye giza mboni ya jicho hufunguka ili ipate mwanga. Flashi ikiwa karibu na lenzi na imetazama mbele, mwanga wake unaingia kwenye mboni iliyo wazi, unagonga nyuma ya jicho penye mishipa ya damu, kisha unarudi pale pale ulipotoka, kwenye lenzi, ukiwa mwekundu. Ukiugeuza mwanga ukatokea juu au ubavuni, haurudi kwenye lenzi namna hiyo, na macho yanabaki meusi kama Mwenyezi Mungu alivyoyaumba. Hakuna haja ya kukaa kwenye kompyuta unayapaka wino.

Na yule mtoto wa mwisho kwenye mstari, aliyesimama nyuma kidogo kwa haya zake? Huyo ametoka kiza. Mwanga wa flashi ya mbele unapungua haraka sana kwa umbali. Mtoto aliyesimama mara mbili ya umbali wa mwenzake anapata robo tu ya mwanga wa mwenzake. Kwa hiyo wa mbele anaungua mweupe na wa nyuma anazama, na wote ni watoto wa nyumba moja na nguo zao zimekatwa kwenye jora moja. Mama wa yule wa nyuma hatasema kitu ukumbini, lakini akifika kwake atasema.

Tuwe waadilifu: hatusemi flashi inapofusha. Yale maneno kwamba flashi ya kamera inamtoa mtoto macho ni ya mitaani. Flashi ya kawaida, kwa umbali wa kawaida, haimharibii macho mtoto mwenye macho mazima. Tunachosema ni kwamba inamkera, inamtisha, na inaharibu picha iliyolipiwa. Hayo matatu yanatosha.

Tena sisi ni Waislamu. Tunajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto katika sala, akiifupisha, kwa kujua uzito anaoupata mama yake. Sala hiyo, mashoga! Nguzo ya dini imefupishwa kwa kilio cha mtoto, na sisi tunashindwa kumwambia mpiga picha, "Basi, mwache apumzike"?

Dari ni wingu

Wapo watakaosema hii ni kazi ya wataalamu, mshonaji anaingiaje? Tunaingia kwa sababu mwanga ndio unaouonyesha uzi. Na jambo lenyewe si la kitaalamu kiasi hicho; kila mtu wa hapa visiwani analijua, ila hajaliita kwa jina.

Toka nje saa sita mchana, jua kali. Kivuli chako chini kimekatwa kama kwa mkasi, na watu wamekunja nyuso. Sasa subiri siku ya masika, wingu limetanda. Vivuli vimelegea, nyuso zimetulia, rangi za kanga zinaonekana zilivyo. Jua ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mwanga sasa hautoki kwenye kitone kimoja kidogo, unatoka kwenye mbingu nzima.

Flashi ya uso ni jua la saa sita: kidirisha kidogo kama kisanduku cha kibiriti kinachotema mwanga wote kwa mtoto. Ukikigeuza kikatazama dari nyeupe, dari yote pale juu inakuwa ndiyo taa. Unalitengenezea wingu chumba chako. Mwanga unashuka umeenea, unawafikia mtoto wa mbele na wa nyuma kwa ulinganifu zaidi, kivuli kinaanguka chini nyuma yao badala ya kubandikwa ukutani, na mtoto hapigwi na kitu machoni. Wengi wao hata hawajali, wanaendelea kucheza. Na hapo ndipo picha ilipo: kwenye mtoto anayecheza.

Tena kuna faida nyingine. Mmweko wa flashi ni mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo mtoto anayekimbia chumbani hukamatwa bila kutoka ukungu. Ukiigeuza juu hupotezi faida hiyo. Unabaki na ule wepesi wa flashi na upole wa wingu.

Nguo inavyofedheheka

Hapa tunazungumza kwa uchungu wa mkono.

Chukueni kofia ya viua. Mtu amekaa nayo wiki kwa wiki, anatoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, mpaka kofia inasimama. Babu anamvisha mjukuu siku ya khitma. Flashi ya uso inaifanya ile kofia iwe bakuli jeupe tupu, kwa sababu viua vinaonekana kwa kivuli kidogo kilichomo ndani ya kila kitundu, na mwanga wa mbele unavifuta vivuli vyote. Ugeuze mwanga utokee juu kwa ubavuni, kila kiua kinajitokeza. Ni hivyo hivyo kwa tarizi ya kifua cha kanzu, kwa lesi, kwa marinda ya gauni la mtoto. Satini ndiyo mbaya zaidi: flashi ya uso inaitia waa jeupe katikati ya kifua, kama imemwagikiwa maziwa. Shanga na vimetameta vinarudisha nukta kali huku na huku mpaka uso wa mtoto haukamatiki.

Na liko kubwa kuliko urembo, nalo ni la haya. Mabibi harusi, hili lisomeni mara mbili. Kitambaa chepesi ambacho mbele ya kioo nyumbani kinaonekana kimesitiri, kinaweza kusaliti mbele ya flashi kali ya uso. Mwanga unakipenya, unagonga kilicho chini na kurudi, na picha inatoa ambacho jicho halikukiona: mstari wa nguo ya ndani, nywele chini ya ushungi mwepesi, mkono chini ya shifoni. Wangapi wamejiona kwenye picha wakashtuka, na picha imeshazunguka nusu ya mji? Mwanga wa dari unapunguza balaa hilo. Haulimalizi. La kulimaliza ni bitana. Kwa hiyo siku ya kujaribu nguo, simameni kwenye chumba chenye kiza kidogo, mwenzenu awapige kwa simu yenye taa, mbele na nyuma. Kikionekana kitu, rudisheni kwa fundi atie bitana. Na kwa mabinti wadogo fanyeni vivyo hivyo. Sitara ya mtoto ni amana yetu sisi, si ya mpiga picha.

"Wateja wanapenda weupe"

Hii ndiyo hoja yao tunayoisikia kuliko zote, na ndiyo inayotuudhi kuliko zote. Ukimwuliza kwa nini anamuunguza mtoto kwa flashi, anacheka: "Bibi, watu wanapenda kutoka weupe."

Nani aliyekwambia mtoto wetu anahitaji kuwa mweupe? Tunapiga kelele madukani kuhusu krimu za kuchubua, tunawakataza mabinti zetu, kisha tunamlipa mtu aje atuchubulie watoto kwa taa! Mtoto wa miaka mitano anajitazama kwenye picha kubwa ya ukutani, anajiona hana rangi yake. Amejifunza nini hapo?

Hili la kamera kutozijali ngozi zetu lina historia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hiyo ikiitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha nzuri. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990 tu. Basi zama hizo mtu angeweza kusema, tufanyeje, ndiyo filamu iliyopo. Leo kamera hizi za kisasa zinaweza kuishika kila ngozi, maji ya kunde, mweusi tii, mwekundu. Zinachohitaji ni mwanga unaoheshimu. Ngozi nyeusi ikishukiwa na mwanga mpana wa dari inang'aa taratibu, unaona shavu lilipopinda na kidevu kilipoanzia. Ikipigwa flashi ya uso inatoa jivu na mafuta. Asiyeujua uzuri wa ngozi zetu asipewe kazi ya kuuonyesha.

Na wapiga picha wetu wasitwambie kazi nzuri ni mambo mageni. Mji Mkongwe umekuwa na studio za kupigiwa mfano; Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza mwaka 1930. Studio za zama zile zilimkalisha mtu, zikapanga taa, na mpiga picha akatazama kwanza kivuli kinaangukia wapi kabla ya kubonyeza. Leo mwenye kifaa cha bei kubwa kuliko vyote anashindwa kuinua kichwa cha flashi kwa kidole kimoja!

Majibu yao, na majibu yetu

*"Flashi ya dari inakula betri."* Kweli. Mwanga ukigonga dari na kurudi unapungua, pengine inafika robo tu au chini ya hapo, kwa hiyo flashi inatema kwa nguvu zaidi na inachukua muda kujaa tena. Dawa yake ni kubeba seti mbili tatu za betri za kuchaji, na kupandisha ISO ya kamera, 800 au 1600, na kuifungua lenzi zaidi. Kamera za leo zinavumilia hayo bila picha kujaa mchanga. Sisi tukienda kushona kwa mteja tunabeba sindano za akiba. Akija mtu na betri moja kwenye harusi, kosa ni lake.

*"Dari ni ya mbao," au "ya boriti," au "iko juu sana."* Hapa wana haki kidogo. Nyumba zetu za zamani za mji zina boriti zilizojipanga, na nyingine dari zake ni ndefu kwenda juu. Mbao nyeusi zinameza mwanga na makuti ndiyo kabisa. Lakini chumba kina kuta nne, na nyingi zimepakwa chokaa nyeupe. Mpiga picha ageuze flashi ubavuni, au nyuma juu ya bega lake mwenyewe, mwanga urudi kutoka ukutani. Tena mwanga wa ukuta ni mzuri pengine kuliko wa dari, unaingia kama wa dirishani. Hakuna ukuta mweupe? Msaidizi ashike shuka nyeupe iliyokunjuliwa. Sisi shuka tunazo, tutamwazima.

*"Ukuta una rangi."* Naam, na mwanga unachukua rangi ya unachokigonga. Ukuta wa kijani unamtoa mtoto kama mgonjwa wa homa ya manjano. Wa waridi unamtia wekundu asiokuwa nao. Fundi anajua: shika kitambaa cha buluu karibu na uso, uso nao unaingia ubuluu. Kwa hiyo atafute upande mweupe, si kukata tamaa na kurudi kwenye flashi ya uso.

Na hapa ndipo tunapowageukia nyinyi mabibi harusi na wapambaji wenu. Mnatufunikia dari nzima ya ukumbi kwa satini ya zambarau, kisha mnauliza mbona nyuso zina zambarau! Pambeni mnavyotaka, lakini juu ya jukwaa na pale watoto watakapopigwa picha, wekeni kitambaa cheupe au cha maziwa. Gharama ni ile ile ya vitambaa. Ni rangi tu mnabadilisha. Na zile taa za rangi zinazozunguka, zizimwe dakika kumi za picha za watoto.

*"Nikipiga juu, macho yanaingia kiza."* Yanaingia kiza kwa sababu umesimama karibu mno na umeielekeza flashi juu ya utosi wa mtoto, kwa hiyo mwanga unamdondokea wima na nyusi zinamtia kivuli. Rudi nyuma hatua mbili, uinamishe kichwa cha flashi kidogo kuelekea nyuma yako au ubavuni. Flashi nyingi zina kikaratasi cheupe cha kuvuta. Kivute kidogo kitie nukta ya nuru machoni. Hakipo? Kata kadi nyeupe ya mwaliko, ifunge kwa mpira wa nywele.

*"Sina muda."* Huyu hatuna la kumjibu, ila kwamba haraka haraka haina baraka.

Haki ya flashi ya mbele

Tumeisema vibaya flashi ya uso, na hatubadilishi neno, lakini kuna jambo moja ambalo kila mama anatakiwa alijue kuhusu picha zake. Mboni ikitoka nyekundu ni kawaida, kama tulivyoeleza. Lakini picha ya flashi ikitoa jicho moja jekundu na jingine jeupe kama jicho la paka, tena ikajirudia picha baada ya picha, usiifute wala usiipake rangi. Pengine ni pembe tu ya jicho lilivyoangalia. Pengine ni mtoto wa jicho. Na pengine ni saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, aghalabu chini ya miaka mitano, ambayo ikiwahiwa hutibika. Mpeleke mtoto hospitali, kitengo cha macho, na picha uende nayo umwonyeshe daktari. Usimpeleke kwanza kwa mtu wa kumsomea jicho la hasidi. Dua msomee njiani, lakini njia iwe ya hospitali.

Mpiga picha aliyeliona hilo akalifuta kimya kimya kwenye kompyuta ili picha ipendeze, ameficha jambo lililomhusu mama. Amwite pembeni, amwambie.

Na sisi wenye simu?

Simu taa yake haigeuki, imekaa pale pale karibu na lenzi. Basi izime. Mtoto mchanga wa arubaini hahitaji taa yoyote. Fungua dirisha asubuhi, sogeza kitanda, mlaze mwanga umwingie kwa ubavuni. Upande wa pili ukiwa na kiza, tundika kanga nyeupe au shuka, utaona kivuli kinavyolainika. Usiku, mwenzako awashe tochi ya simu ya pili aimulike kwenye ukuta mweupe ulio karibu, si kwa mtoto. Mwanga utakuwa mdogo, kwa hiyo shikilia simu yako kwa mikono miwili na umngoje mtoto atulie. Hii inamfaa aliyelala au anayenyonya, si anayekimbia. Na picha ya anayenyonya, mashoga, ibaki ya mama mwenyewe.

Yaandikeni kwenye makubaliano

Tunajua mnachokifanya. Mnakaa na mpishi mnaandika mchele kilo ngapi, nyama kilo ngapi. Mnakaa na fundi mnaandika urefu wa mkia wa gauni. Mpiga picha mnampa advansi na kumwambia "utupige vizuri". Vizuri ndiyo vipi? Mwandikieni:

1. Picha zote za watoto ndani ya nyumba au ukumbi, flashi igeuzwe kwenye dari, ukuta au kitambaa cheupe. Isimwelekee mtoto usoni.
2. Aje mapema auone ukumbi: dari rangi gani, kuta rangi gani, betri ngapi.
3. Watoto wapigwe mwanzo, baada ya magharibi, kabla hawajachoka. Mtoto akilia, picha zake zisimame.
4. Asiichubue ngozi ya mtu, kwa taa wala kwa kompyuta.
5. Upande wa wanawake apige mwanamke, na memori kadi ibaki kwa familia mpaka mama wa bi harusi azitazame picha zote. Picha ya mtoto wa mtu haipandishwi mtandaoni bila ruhusa ya mzazi wake. Sura ya An-Nur imetufundisha kutoingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Na uso wa mtoto ni nyumba ya wazazi wake.

Kabla ya kumpa pesa mwambieni awaonyeshe picha kumi za watoto alizozipiga ndani, usiku. Si za pwani jua likizama, hizo kila mtu anaweza. Tazameni nyuma ya vichwa: kuna kivuli cheusi ukutani? Tazameni kofia: viua vinahesabika? Tazameni mtoto wa mwisho kwenye mstari: ana uso? Mwenye macho haambiwi tazama. Akishindwa hapo, mshukuruni kwa heshima, mtafute mwingine, na kama mwingine ni dada aliyeanza kazi juzi lakini anajua kugeuza flashi, mpeni yeye. Mwanamke wa kutupiga picha wanawake tunamhitaji, na hatapatikana tusipompa kazi.

Harusi ni usiku mmoja. Ubwabwa unaliwa, mapambo yanashushwa, gauni tunalibana linavaliwa na mdogo wake. Picha ndiyo inayobaki, na siku moja yule mtoto wa mwisho kwenye mstari atakuwa mtu mzima, atamtafuta bibi yake kwenye albamu ile na atajitafuta na yeye mwenyewe. Tumwachie uso wake.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na watoto wetu awahifadhi. Amin.

Wassalaam alaykum.